Juu imeandikwa London, chini kumbe Birmingham

Jumanne iliyopita nimekaa karakana nakunywa chai ya saa nne, mara nasikia hodi. Kutazama ni mama mmoja mtu mzima kajitanda kanga, nyuma yake mjukuu wake wa kiume kabeba kasha la ngozi la kufunga kwa mikanda, limechakaa kona zote. Ukiliona huwezi kusema ni kasha la bunduki kwa sababu ni fupi, lakini mimi nikajua hapo hapo kilichomo, maana bunduki inayolala kwenye kasha fupi ni ile inayovunjwa vipande viwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndo fundi?"

"Ndo mimi mama, karibu ukae."

"Hii ni ya marehemu. Ni ya London."

Yaani hajakaa, hajaniambia hata katokea wapi, ameshaniambia ni ya London. Nikacheka kimoyomoyo kwa sababu hilo neno nalisikia kila mwaka. Mumewe alikuwa idara ya wanyamapori enzi hizo, bunduki aliinunua kwa mkulima wa Kigiriki huko Oldeani aliyekuwa anafungasha virago kuondoka, na maisha yake yote akawa anawaambia watu ana bunduki ya London. Sasa mzee hayupo, karatasi za polisi ziko sawa, familia inataka kuuza, na kuna dalali ameshamwambia mama kwamba ikiwa London kweli hela yake ni ya kujengea nyumba, isipokuwa London hela yake ni ya kununulia bati. Ndo maana mama alikuja na jibu mkononi, alichokuwa anataka kwangu ni mhuri tu.

Kwa wasiozijua, hizi tunaziita dabo. Ni raifo ya mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu kama shotigani, ila ndani ina mifereji inayojizungusha na inapiga risasi moja kubwa ya tembo au nyati. Hii ya mama kaliba yake, yaani upana wa tundu kwa inchi, ni .450, na nilipoipima ilikaribia kilo 5. Kila mtutu una triga yake na mashine yake, kwa hiyo upande mmoja ukigoma una wa pili hapo hapo, na ukiwa na nyati hatua kumi mbele yako hiyo ndo sababu peke yake ya mtu kununua kitu cha bei namna hii.

Nikahakikisha haina kitu ndani (hata kama mtu kaniapia, mimi nafungua natazama, na wewe fanya hivyo hivyo), halafu nikaigeuza kusoma juu. Katikati ya mitutu kuna utepe wa chuma ulioungwa kwa urefu wote, sisi tunauita ribu, na hapo ndo wanapochonga jina. Limeandikwa ARMY & NAVY C.S.L. na mbele yake LONDON, herufi safi kabisa. Mama akaninyooshea kidole, "si unaona?"

Naona mama. Ila hapo ndo shida inapoanzia.

Army & Navy lilikuwa duka. Ushirika (ndo hiyo C.S.L., Co-operative Society Limited) wa maofisa wa jeshi la Uingereza ulioanzishwa 1871, uko Victoria Street, wanauza mvinyo, viatu, mahema, chandarua, sabuni na bunduki, kila kitu ambacho ofisa anayetumwa India au Afrika anahitaji kupakia kwenye sanduku. Kiwanda cha bunduki hawakuwa nacho. Waliagiza bunduki kwa mafundi, zikachongwa jina la duka, zikawekwa dirishani. Ni mambo ya kanga, wale wakubwa wenzangu mnakumbuka kanga ya Mombasa iliyoandikwa pembeni "Mali ya Abdulla", sasa Abdulla ndo mwenye biashara, lakini kitambaa chenyewe kilipigwa chapa nchi za mbali na wala hakuna aliyeona ni uongo, kila mtu alielewa lile jina ni la mwenye mali. Kwenye bunduki watu hawataki kuelewa. Wakiona jina limechongwa kwenye chuma wanadhani ndo aliyefua chuma.

Ukitaka kujua mitutu imetoka wapi igeuze. Vua mbao ya mbele, fungua, tenganisha mitutu na mashine, halafu tazama chini pale kwenye chemba, yaani panapokaa risasi, ambapo pametandazwa bapa. Wanunuzi wengi hawafiki hapo kwa sababu mwenye bunduki ukianza kuivunja mbele yake anaanza kutoka jasho. Lakini habari zote ziko hapo.

Ngoja niseme na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza kazi nilipewa dabo ya zamani nisafishe, hizo bapa zilikuwa na kutu na mafuta yaliyoganda meusi tii, mimi na kiherehere changu nikachukua msasa, halafu nikamalizia na Brasso, ikang'aa kama sufuria ya harusi. Mwalimu wangu alipokuja akaishika, akaigeuza dirishani, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "alama ziko wapi?" Nusu ya taji ilibaki. Nusu. Ile bunduki mpaka leo hakuna mtu anayeweza kusema imetoka wapi, na kosa ni langu. Kwa hiyo ndugu yangu msasa weka mbali. Chukua mafuta mepesi na kitambaa, toa uchafu taratibu, kisha paka chaki nyeupe juu ya zile alama ufute, chaki itabaki ndani ya michoro, halafu mulika tochi kwa upande, sio juu. Tochi ya simu inatosha. Hapo hata alama iliyolika inainuka.

Ya mama ikainuka. Mataji matatu madogo, chini ya moja BV, chini ya lingine BP, na la tatu NP. Hiyo ni Birmingham, haina mjadala.

Ilikuwa hivi, Uingereza mtutu ukitengenezwa unapelekwa kwenye nyumba ya majaribio, wanaupiga kwa chaji kubwa kuliko ya kawaida, ukipasuka umepasukia kwao, ukistahimili unagongwa mhuri, na bila mhuri ni kosa la jinai kuuza. Nyumba zilikuwa mbili. Ya London ni ya chama cha wafua bunduki kilichopata hati ya mfalme miaka ya 1630, jengo lao lipo Commercial Road, Whitechapel. Ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya bunge ya 1813, ipo Banbury Street. Zote mbili zinafanya kazi mpaka leo. London alama zao ni taji juu ya GP zilizosokotana, taji juu ya V, na kuanzia 1904 kwa baruti ya kisasa wakaongeza NP yenye mkono juu yake umeshika kitara, kile kisu kirefu kilichopinda, ukiuona mara moja huwezi kuusahau. Birmingham kabla ya 1904 walitumia fimbo mbili za kifalme zilizopishana zenye taji na herufi, halafu 1904 wakaja na haya mataji ya BV, BP na NP, wakayatumia mpaka 1954 walipobadilisha tena.

Sasa hapa mtu anayejua kidogo anaruka haraka, anasema taji la Birmingham basi imetengenezwa Birmingham, kitara cha London basi imetengenezwa London. Polepole. Mhuri unakwambia mtutu ulijaribiwa wapi. Mafundi wa Birmingham walikuwa wanatuma bunduki zikajaribiwe London kwa sababu mteja wa London alipenda kuona alama za kwao, kwa hiyo kitara peke yake hakithibitishi kitu. Upande wa pili una nguvu zaidi, maana mtu aliyeko London na nyumba ya majaribio iko mtaa wa pili hana sababu ya kupakia mitutu kwenye treni kuipeleka Birmingham. Ukikuta jina la London juu na mihuri ya Birmingham chini, tisa kati ya kumi umeshapata jibu.

Ile ya kumi ndo inakufanya uendelee kutafuta, na mimi nikaendelea.

Pembeni ya mataji kuna maandishi, CORDITE 70 - 480 MAX. Haya nayapenda kuliko yote. Maana yake baruti ya kordaiti isizidi greni 70, na risasi ya greni 480, yaani risasi moja ina kama gramu 31. Hizo ni namba za .450 ile ya ganda refu la inchi 3¼ ambayo fundi bunduki John Rigby aliileta 1898 na kubadilisha kabisa uwindaji wa wanyama wakubwa, maana kabla yake tembo alipigwa na bunduki za baruti nyeusi za geji 8 au geji 4, moshi kama jiko la kuni na bega linavimba. Ukikuta 75 na 500 hiyo ni .470, ukikuta 100 na 750 hiyo ni .577. Kwa hiyo hata kama mtu kachonga kaliba ya uongo juu, chini imeandikwa bunduki ilizaliwa na chakula gani.

Bunduki kongwe zaidi, za baruti nyeusi, hazina hayo. Zina namba tu, mfano 37 au 25 au 52, na watu wanadhani ni namba ya fundi. Ni geji. Chukua ratili moja ya risasi ya madini, igawe vigololi 37 vinavyolingana, upana wa kigololi kimoja ndo upana wa tundu, na ukipiga hesabu unaangukia .500. Namba 25 inakuangusha .571, hiyo ni familia ya .577. Nilipoelewa hili nilikaa usiku mzima na kikokotoo nachapa namba za kila bunduki niliyowahi kuipiga picha, mke wangu akaniuliza kama nina mdaiwa.

Turudi kwenye dabo ya mama. Kati ya mitutu, kwa nyuma, kuna kijisikio cha chuma kimechomoza kinaingia ndani ya mashine ukifunga, na ile nyenzo ya juu ukiiachia, ekseli yake inajizungusha na kukibana kile kijisikio kwa mtindo wa skrubu. Mfumo huo unaitwa screw grip na ni wa Webley wa Birmingham. Webley walitengeneza dabo nyingi sana za namna hii kwa ajili ya kuwauzia wenye maduka, wanampa mtu bunduki haina jina, yeye anachonga lake. 1897 waliungana na W. & C. Scott pamoja na Richard Ellis, wakawa Webley & Scott. Na mashine yenyewe ya ndani ni ile ya Anson na Deeley ya 1875, hao nao walikuwa Birmingham kwa Westley Richards. Kwa hiyo chuma kinasema Birmingham, mihuri inasema Birmingham, mashine inasema Birmingham, ribu peke yake ndo inasema London.

Mwaka je? Hapa unabana kama unavyobana mbuzi kwenye kona ya boma. Mataji ya BV na BP hayapo kabla ya 1904. Lile jina lenye C.S.L. duka waliliacha 1934 walipogeuka kuwa Army & Navy Stores. Halafu Birmingham 1921 walianza kugonga kialama kidogo chenye herufi ya mwaka, na hii hata kwa lenzi sikukiona. Imebaki kati ya 1904 na 1921, na mle katikati kuna vita ya 1914 ambapo mafundi wote walikuwa wanatengeneza bunduki za jeshi, kwa hiyo ningekuwa mcheza kamari ningeweka hela kabla ya vita. Kuna na hili la kaliba, miaka hiyo karibu na 1907 Waingereza walipiga marufuku .450 India na Sudan wakiogopa risasi zake kuangukia mikononi mwa waasi waliokuwa na bunduki za jeshi za Martini zenye kaliba hiyo hiyo, ndo zikazaliwa .470 na .465 na nyingine zote za jirani. Za .450 zilizokuwa huku kwetu zikaendelea na kazi.

Alama nyingine ambazo mtu anaweza kukutana nazo nitazipitia haraka. Ukikuta mganda wa ngano na jina la Whitworth, hicho ni chuma cha Sir Joseph Whitworth wa Manchester, kiligandamizwa kikiwa bado uji ili kutoa mapovu ya hewa ndani. Ukikuta pete tatu, Krupp wa Essen, Ujerumani. Vyote hivyo vinasema chuma kimetoka wapi tu, mtutu wenyewe unaweza ukawa umetobolewa na kunyooshwa mji mwingine kabisa. Ukikuta mitutu ina michoro kama maji yanayotiririka, hiyo ni damaski, vipande vya chuma laini na chuma kigumu vimesokotwa kama msuko wa nywele halafu vikazungushiwa fimbo na kupigwa nyundo mpaka vikashikana, na mingi ya hiyo hata kwenye bunduki za Kiingereza ilitoka Ubelgiji, pande za Liège. Maandishi ya Henry's Patent Rifling nayo yanapoteza watu, Alexander Henry alikuwa fundi wa Edinburgh mwenye hakimiliki ya mifereji saba, yule yule wa Martini-Henry, wengine walitumia mifereji yake kwa kulipia na jina lake likagongwa kwenye mitutu ambayo hakuwahi kuishika. Na ukikuta herufi ELG ndani ya kiduara cha yai, funga kasha, hiyo ni Liège hata kama juu imeandikwa jina la Kiingereza la kuvutia kiasi gani. "W. Richards" za Kibelgiji zimejaa.

Kitu ambacho hakina mhuri lakini ndo moyo wa mtutu wa dabo ni jinsi miwili ilivyounganishwa, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wengi wanadhani mitutu miwili imelala sambamba. Hapana. Ukiitazama vizuri inakaribiana kwa mbele, inaelekeana. Kwa sababu ukipiga mtutu wa kulia, bunduki inaruka nyuma na inapinda kuelekea kulia kabla risasi haijatoka mdomoni, wa kushoto hivyo hivyo upande wake, kwa hiyo ungelaza sambamba kila mtutu ungetupa risasi kwake. Fundi wa kuoanisha anaunga mitutu kwa lehemu, kati ya midomo anaweka kabari ndogo ya chuma, anakwenda uwanjani, anapiga kulia, anapiga kushoto, anatazama karatasi. Haziko pamoja? Anapasha moto lehemu ya mbele, anasogeza kabari unywele mmoja, anaacha ipoe, anapiga tena. Siku nzima. Anapiga kwa baruti ile ile na risasi ile ile, ndo maana zile namba 70 na 480 zina uzito, ukibadilisha chaji mitutu inaachana kama ndoa ya mitandaoni. Kordaiti yenyewe ilikuwa haipendi joto, ikikaa juani presha inapanda, kwa hiyo yale maganda makubwa ya .450 na .470 yalifanywa na nafasi ya kutosha ili kule kwenye joto ganda lisije likang'ang'ania kwenye chemba wakati nyati anakuja.

Sasa mtu akiipasua ribu na kuiunga tena kienyeji, hata kama kila mhuri upo, mitutu sio ile tena. Mimi naangalia mstari wa lehemu kwa urefu wote. Wa kiwandani ni mwembamba kama uzi na rangi yake ni moja. Ukiona mahali imefura, au kuna vitundu vya sindano, au mdomoni kabari ina alama za koleo, kuna mtu amepita. Ya mama nilipitisha kucha kutoka nyuma mpaka mbele, haikukwama popote. Nikageuza nikatazama ile nundu ya chini inayoshikana na mashine, katikati yake kuna mstari unaoshuka, maana yake kila mtutu ulifuliwa na nusu yake ya nundu kutoka kipande kimoja cha chuma, halafu nusu mbili zikaunganishwa. Hiyo ni kazi ya gharama. Njia rahisi ni kuchomeka nundu iliyotengenezwa pembeni katikati ya mitutu. Yule Mgiriki wa Oldeani, au yeyote aliyekuwa kabla yake, hakununua kitu cha hovyo.

Na kuna matapeli, tusisahau. Wanachukua shotigani nzuri ya Kiingereza, wanatoa mitutu yake na kuweka mitutu mipya ya raifo, wanauza kama dabo ya miaka 100. Tazama namba ya bunduki. Inatakiwa iwe ile ile kwenye mashine, kwenye mitutu na kwenye chuma cha mbao ya mbele. Ya mama zote tatu zilikubaliana, nikazisoma kwa sauti, mjukuu anaandika kwenye simu.

Halafu hii ya dalali wa mjini kusema kila dabo ilikuwa ya Roosevelt, jamani tupumzike. Roosevelt, yule rais mstaafu wa Marekani, alishuka Mombasa 1909 kuwinda na dabo moja, Holland & Holland ya .500/.450 aliyopewa zawadi na Waingereza, na ilirudi naye Marekani. Mngesema hata ya Harry Selby, yule mwindaji wa Nairobi, ningewasikiliza, maana ile kweli iliishia huku huku, Rigby ya .470, gari la kuwindia lilipita juu yake mitutu ikaharibika, akaenda duka la May & Co akachukua .416 ya Rigby ya mtutu mmoja kwa ajili ya kuziba pengo, na hiyo ya kuziba pengo ndo ikampa jina dunia nzima.

Kinachoniudhi mimi ni hii ibada ya London. Holland & Holland wenyewe, kileleni kabisa pale, Harris Holland alianza 1835 kama muuza tumbaku, na bunduki nyingi za jina lake za miaka ya mwanzo zilifanywa na Scott wa Birmingham. Westley Richards ni Birmingham. Greener ni Birmingham. Mtaa wao wa bunduki, kule Loveday Street na Price Street, ulikuwa na mtu wa kutoboa, mtu wa kunyoosha, mtu wa lehemu, mtu wa kuchonga mbao, kila mmoja na kichumba chake, kitoto kinakimbia barabarani na mitutu begani kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nusu ya "London" mnayoililia ilipita kwenye mabega ya hicho kitoto. Lakini bei ni bei, jina la fundi mkubwa wa London aliyetengeneza kwa mikono yake linazidisha hela mara nyingi, siwezi kumficha mama hilo.

Basi nikamwambia mama.

"Kwa hiyo sio ya London."

"Imeuzwa London mama. Imetengenezwa Birmingham, na imetengenezwa vizuri, mitutu yake bado mizima kuliko nyingi nilizoziona za bei kubwa."

"Birmingham ndo wapi?"

Mjukuu ambaye muda wote alikuwa kimya akadakia, "Aston Villa bibi! Kwa akina Samatta!"

Mama akamwangalia, akaniangalia mimi. "Alikochezea Samatta?"

"Ndo huko huko mama, 2020."

Akatikisa kichwa kidogo, naona kama bei ilipanda.

Tukakubaliana asimuuzie yule dalali kwanza. Daftari za bunduki za lile duka zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Glasgow, kwa hiyo nimeandika barua pepe na namba na picha za alama zilizopakwa chaki, wakitujibu tutamtafutia mnunuzi anayejua anachonunua. Nikapaka mafuta, nikarudisha mitutu kwenye kitambaa chake, nikafunga mikanda ya kasha. Mama akasimama, akafunga kanga vizuri, akafika mlangoni akageuka.

"Ila baba, marehemu amekufa anajua ni London. Huko aliko usimpelekee habari."